Hukumu ya Tanga, Deni la Mombasa

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Tanga kwenye Wiki ya Sheria, mbele ya wafanyabiashara, wenye vyombo vya baharini na wanafunzi. Nimeiweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na jipya.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyie vijana wa chuo mliowahi viti vya karibu na feni, asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimepewa mada yenye jina refu: fasili za kisheria zinazohusu kufikia mahakama kwa usawa baina ya nchi na nchi. Nimeisoma mara ya kwanza nikasema, hapa watu watasinzia. Basi naibadilisha iwe swali. Mtu akikudhulumu hapa Tanga kisha akavuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya, sheria inavuka naye?

Inueni mikono wenye ndugu Lunga Lunga, Vanga, Kwale au Mombasa. Naona ukumbi mzima. Shusheni. Sasa inueni mikono waliowahi kumuuzia mtu wa upande ule mali kwa mkopo bila karatasi. Mbona mikono imekuwa mizito?

Mpaka huu tumeukuta. Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1886, wakarekebisha mwaka 1890, na Mdigo akajikuta ana shamba huku na mjomba kule. Msegeju vivyo hivyo, Mvumba vivyo hivyo. Tangu hapo harusi zinavuka, misiba inavuka, machungwa yanavuka. Hukumu ya mahakama haivuki namna hiyo. Hukumu ni amri ya dola, na amri ya dola inakomea pale dola inapokomea. Hakimu wa Tanga hana askari Likoni, kule Mombasa. Hana dalali wa mahakama Kongowea. Amri yake ikitakiwa ifanye kazi kule, wenyewe wa kule lazima wakubali, na kukubali kwao kumeandikwa kwenye sheria kwa maneno yaliyopimwa. Kila neno lina fasili yake. Nimeona watu wenye haki ya wazi wakirudi mikono mitupu kwa sababu ya fasili hizo.

Mama zangu mnajua kutunzana harusini. Aliyekutunza doti ya kanga siku ya mwanao, unaandika kwenye daftari, na siku ya mwanawe unarudisha. Asiyekuwemo kwenye daftari humdai na hakudai. Nchi nazo zimefanya hivyo kwa hukumu: tunazitambua zenu, mnazitambua zetu, na majina yako kwenye daftari. Daftari letu linatokana na sheria ya mwaka 1935, leo tunaiita Sura ya 8, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1933. Orodha yake ni ya tangazo la serikali. Imo Uingereza. Imo Zambia, imo Botswana, Lesotho, Mauritius, Ushelisheli, Sri Lanka. Imo hata New South Wales, jimbo la Australia. China haimo. Dubai haimo. Nauliza: kati ya nyie mlioko hapa, nani analeta bidhaa kutoka New South Wales? Na nani analeta kutoka Guangzhou? Orodha hiyo ni ya zama ambazo mkonge wetu ulikuwa ukipakiwa meli kwenda Ulaya, na haijaenda na wakati.

Majirani zetu Kenya na Uganda tumewawekea sheria nyingine fupi, Sura ya 7. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 1984, Sura ya 43 kwao, na Tanzania imetajwa humo kwa jina, pamoja na Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Ushelisheli, Australia na Uingereza. Kwa hiyo kati ya Tanga na Mombasa njia ipo. Swali langu la leo ni la pili: njia hiyo ilitengenezwa apite nani?

Nitawapa kisa. Nimekiunga kutokana na mambo yanayotokea kila msimu, kwa hiyo msimtafute mhusika. Mama mmoja wa Muheza, mwenye machungwa. Amejaza Fuso, mzigo umekwenda Kongowea. Mnunuzi amelipa nusu, nusu nyingine ameahidi akishauza. Wiki ya kwanza simu inapokelewa kwa heshima zote. Wiki ya pili inaita tu. Wiki ya tatu haipatikani. Mama si mtu wa kelele, ameenda Mahakama ya Mwanzo, amefungua shauri la madai. Samansi, yaani wito wa mahakama, mdaiwa ametumiwa kwa simu, kwa WhatsApp, siku chache kabla ya tarehe. Hakutokea. Shauri limesikilizwa upande mmoja, ushahidi umetolewa, mama ameshinda. Amepewa nakala ya hukumu yenye muhuri. Amepanda basi mpaka Mombasa na hukumu yake kwenye mkoba, ameiweka juu ya meza ya masijala.

Wamemwambia hawawezi kuisajili.

Ameonewa? Hapana. Waliomhudumia walikuwa wapole, na sheria walikuwa nayo. Tatizo ni kwamba neno "hukumu" alivyolielewa mama sivyo sheria ile inavyolielewa.

Kwanza sheria inauliza imetoka mahakama gani. Sura ya 8 yetu inazungumzia hukumu za mahakama za juu, kama Mahakama Kuu. Ya Kenya inazungumzia mahakama ya juu ya nchi iliyotajwa, na mahakama nyingine iwapo waziri amezitaja. Mahakama ya Mwanzo naipenda, ndiyo mahakama ya wananchi, ndiyo yenye foleni ndefu kuliko zote, lakini mahakama ya juu siyo.

Sheria inauliza pia hukumu yenyewe inasema nini. Inatakiwa iwe ya mwisho baina ya pande mbili, na iwe ya kiasi cha fedha kinachojulikana. Kodi haimo. Faini haimo. Zipo hukumu zinazosema "mdaiwa alipe kama walivyokubaliana", na hakimu na wadaawa wote wanajua walikubaliana nini, lakini msajili wa nchi nyingine hajui. Anataka tarakimu.

Halafu linakuja swali ambalo nataka tulikalie kidogo, kwa sababu hapa hata mawakili tunapigana vikumbo. Mahakama iliyotoa hukumu ilikuwa na mamlaka juu ya mdaiwa? Nyie mtasema ilikuwa nayo, biashara ilifanyika Muheza. Ni kweli. Sheria yetu ya mwenendo wa madai inamruhusu mdai kushtaki pale mdaiwa anapokaa au pale chanzo cha madai kilipotokea, hata kama ni sehemu tu ya chanzo hicho. Mahakama yetu haikukosea. Lakini nchi inayoombwa kuitambua hukumu haipimi mamlaka kwa rula yetu, inapima kwa yake. Kwa mfano ule wa mwaka 1933, ambao ndio ulio kwenye Sura ya 8, inauliza: mdaiwa alikuwa akikaa katika nchi ya mahakama ile? Alikuwa na ofisi huko, na biashara ilipitia ofisi hiyo? Alikubali mapema kwamba mgogoro ukitokea utaamuliwa huko? Au alikuja mwenyewe akajitetea? Akija kwa ajili tu ya kusema "mahakama hii hainihusu", kuja huko hakuhesabiki kuwa amejisalimisha.

Mnunuzi wa Kongowea hakai Muheza. Hana ofisi Muheza. Hakusaini chochote. Hakuja. Sasa mama amebaki na nini?

Na samansi je? Hata kama yote hayo yangekaa sawa, mdaiwa anaweza kuomba usajili ufutwe akionyesha kwamba hakupata taarifa mapema kiasi cha kuweza kujitetea. Ujumbe wa simu wa siku chache, kwa mtu aliye nchi nyingine, unatosha? Wewe unayesema unatosha, jiweke upande wa pili: umetumiwa ujumbe leo, uende ukajitetee Kisumu keshokutwa.

Ndugu zangu, tazameni waliokuwa akilini mwa waandishi wa fasili hizi. Walikuwa wenye makampuni, wenye meli, wenye mikataba iliyoandikwa na mawakili. Anayedai mamilioni mia kadhaa anaanzia Mahakama Kuu, kwa hiyo neno "mahakama ya juu" halimsumbui, hata halioni. Anayedai milioni 4 za machungwa haruhusiwi hata kuanzia huko. Deni kubwa linavuka mpaka, deni dogo linabaki Horohoro. Nalisema hili nikijua kabisa kwamba kodi ya ofisi yangu inalipwa na wenye madeni makubwa.

Sasa mama afanye nini? Mfuate mdaiwa pale mali yake iliko. Mfungulie kesi kwake. Kenya wana Mahakama za Madai Madogo, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Zinapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na sheria inazitaka ziamue ndani ya siku 60. Hukumu ikitolewa kule inakazwa, yaani inatekelezwa, kule kule. Hakuna kusajili, hakuna kubishania fasili. Kwa mzigo mmoja wa machungwa, njia hiyo inaishinda hukumu ya Tanga ambayo haiwezi kusogea.

Mtaniuliza: Mtanzania anaruhusiwa kushtaki Kenya? Anaruhusiwa. Ibara ya 48 ya katiba yao inaitaka dola ihakikishe watu wote wanafikia haki, haikusema raia peke yao. Kwetu pia, ibara ya 13 ya katiba yetu inazungumzia usawa mbele ya sheria na haki ya kusikilizwa kikamilifu.

Lakini kuruhusiwa kuingia ni jambo moja, na gharama ya kuingia ni jambo jingine. Tugeuze upande. Fundi wa majahazi wa Vanga ametengeneza chombo kwa ajili ya tajiri wa Sahare hapa. Chombo kimeshushwa majini, malipo hayajakamilika. Fundi amefanya la busara, amekuja kushtaki hapa hapa Tanga. Wakili wa mdaiwa anasimama na kusema: Mheshimiwa, mdai huyu anaishi nje ya Tanzania, hana nyumba wala kiwanja hapa, akishindwa atatoroka na gharama zetu. Aweke kwanza dhamana ya gharama. Ombi hilo lina msingi: Amri ya 25 ya kanuni zetu za madai inalitaja, na Kenya wana ya kwao. Fundi akishindwa kuweka, shauri linaweza kufutwa kabla hata hakimu hajasikia habari ya mbao na misumari.

Mnatabasamu kwa sababu fundi ni wa kule. Ngojeni. Kila hoja mnayomkatalia nayo mtu wa Vanga katika mahakama ya Tanga, kuna siku wakili wa Mombasa atamsomea nayo mama wa Muheza. Ndiyo maana ya kutendeana sawa, inakata pande zote mbili.

Uganda kuna uamuzi wa Mahakama Kuu, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao mimi nauona una akili. Walalamikaji walikuwa wakaazi wa nchi jirani, wakadaiwa dhamana kwa sababu hiyo. Jaji akaangalia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000, akasema kuishi nchi mwanachama sasa si sababu ya kumdai mtu dhamana moja kwa moja, lazima uonyeshe zaidi ya hapo. Uamuzi wa Uganda haumfungi jaji wa Tanga. Lakini wakili mwenzangu uliyekaa pale mbele, siku ukimtetea fundi kama huyo, uubebe.

Sasa nitoke kidogo nje ya pwani, kwa sababu kuna kesi moja inawafundisha watu kwamba hata ukiwa na mahakama kubwa ya Ulaya nyuma yako, fasili zinaweza kukukwamisha. Wafanyakazi wa mashamba ya chai Kericho, Kenya, walidai wameumia migongo kwa kazi. Kampuni iliyowaajiri ilisajiliwa Scotland. Wakaishtaki huko huko, kwenye mahakama ya Edinburgh. Mahakama ile ikatoa amri wataalamu waende Kericho wakakague mazingira ya kazi. Kampuni ikakimbilia mahakama za Kenya kuizuia, ikafaulu. Suala likapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Kenya, na mwaka 2023 ikaamua kwamba amri ya mahakama ya kigeni haitekelezwi Kenya moja kwa moja. Heshima baina ya mataifa ni jambo jema, lakini peke yake haitoshi, ilipaswa kupitia taratibu na vyombo vya Kenya.

Angalieni: Uingereza imo kwenye orodha ya Kenya. Nchi imo! Lakini amri ya ukaguzi si hukumu ya mwisho, wala si ya kiasi cha fedha. Ikaanguka nje ya fasili. Wengine walikasirika, wakasema wafanyakazi wameachwa. Mimi nadhani mahakama ilikuwa sahihi kuhusu utaratibu, na bado nadhani mwenye kampuni ndiye aliyenufaika na utaratibu huo. Mambo mawili hayo yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Nipite haraka kwenye mirathi, maana najua ndiyo itakayojaza maswali. Mzee amefariki Vanga, ameacha minazi Moa, upande wetu. Watoto wanakuja na karatasi ya Kadhi wa Kwale wakitaka ardhi ibadilishwe jina. Mahakama ya Kadhi Kenya ni mahakama halali, imo kwenye katiba, lakini ni ya ngazi ya chini, na sheria hizi za hukumu za fedha hazigusi ardhi hata kidogo. Shauri la ardhi linasikilizwa ardhi iliko. Usimamizi wa mirathi uliotolewa nchi nyingine za Jumuiya ya Madola una njia yake, kuombewa muhuri kwenye Mahakama Kuu yetu, msiuchanganye na haya. Na mrithi asiye raia akumbuke Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999: asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Matunzo ya watoto nayo yana sheria zake.

Na Pemba? Wavuvi wetu wananiuliza sana. Nchi ni moja, lakini Mahakama Kuu ni mbili, ya Tanzania Bara na ya Zanzibar, zinakutana Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo usidhani hukumu ya Tanga inashuka tu kwenye boti Wete ikakazwa.

Wapo pia wanaosema, basi nitakwenda Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki si mahakama ya kudaiana machungwa, wala si ya rufaa kwa hukumu zetu. Mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko kwamba nchi mwanachama imevunja Mkataba, na muda wake ni mfupi mno, miezi 2. Ina kazi ya usuluhishi pia, kama mkataba wenu wa biashara umeitaja.

Hapo kwenye usuluhishi msimame. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa New York wa mwaka 1958 mwaka 1964, Kenya ikaingia mwaka 1989. Mkataba huo unahusu tuzo, yaani maamuzi, za wasuluhishi, na hauulizi kama msuluhishi ni "mahakama ya juu". Unauliza kama mlikubaliana kwa maandishi, kama kila upande ulipewa taarifa na nafasi ya kusema, na mambo mengine machache. Msuluhishi anaweza kuwa mtu mmoja mnayemwamini nyote. Kwa vyama vyenu vya wauza machungwa, vya wavuvi, vya wenye maroli, hii ni njia ambayo nashangaa haitumiki. Chama cha Muheza na chama cha Kongowea wakae, waandike ukurasa mmoja. Atakayeshindwa kulipa, ataamuliwa na nani, kikao kitakuwa wapi, taarifa itatumwa kwa anwani ipi. Waandike pia kila upande unakubali mamlaka ya mahakama gani iwapo usuluhishi utakwama. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokosekana kwenye mkoba wa yule mama.

Lakini nisiwatwishe wauza machungwa kazi ya serikali. Karatasi nzuri haibadilishi fasili mbovu. Nchi zilizo ndani ya Jumuiya moja zinaweza kukubaliana kwamba hukumu ya fedha ya mahakama yoyote halali ya nchi mwanachama, ya Mwanzo ikiwemo, isajiliwe kwenye mahakama ya ngazi inayolingana nayo, mradi mdaiwa alipewa taarifa ya kweli na nafasi ya kujitetea. Ibara ya 126 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi zisogeze sheria zao pamoja. Wabunge wetu wanakuja hapa kila msimu wa kura na wanaongea barabara, na barabara ya Horohoro ina lami nzuri, nashukuru. Safari ijayo waulizeni Sura ya 7 na Sura ya 8. Mkiona wanatazama saa, mjue hawajazisoma, muwape nakala.

Naambiwa muda wangu umeisha. Waliokuja na hukumu mkononi, kabla hamjapanga foleni hapa mezani angalieni tarehe yake. Sheria ya Kenya inatoa miaka 6 tangu hukumu ya nje itolewe, na nakala iliyothibitishwa haipatikani kwa siku moja. Angalieni na jina la mahakama lililoandikwa juu kabisa. Haya, nani anaanza?